Wakisusa, Wenzao Hula?

Januari 1958 wajumbe wa chama cha TANU walikutana Tabora wakiwa na hasira, na walikuwa na haki ya kukasirika. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, chini ya Gavana Edward Twining, ilikuwa inaandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya ajabu. Kila jimbo lingetoa wajumbe watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na kila mpigakura angelazimika kuchagua wote watatu. Ukimpigia Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Watu waliuita mpango huo kura tatu. Mpigakura mwenyewe naye alichujwa: awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa. Wanachama wengi wa TANU, wakulima, wachuuzi, akina mama waliokuwa wakipita mitaani kuuza kadi za chama, hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo wengi walifika Tabora wakitaka chama kisusie. Hoja yao ilieleweka hata kwa mtoto: Waafrika ni mamilioni, Wazungu ni kama elfu ishirini, halafu kila kundi lipate kiti sawa na jingine? Kuingia kwenye uchaguzi wa namna hiyo ni kuubariki. Rais wa TANU, Julius Nyerere, ambaye mwezi uliotangulia tu alikuwa amejiuzulu kiti chake cha kuteuliwa katika Baraza hilohilo, ndiye aliyesimama kutetea kuingia. TANU ikikaa nje, alisema, viti vitakwenda kwa UTP, chama kilichozaliwa 1956 kwa baraka za gavana, na UTP ndiyo itakayokwenda kuzungumza kwa jina la Tanganyika. Baada ya mabishano makali mkutano ukamkubalia. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka na kuanzisha African National Congress. Uamuzi ule tunauita hadi leo Uamuzi wa Busara. Jina hilo limetoka kwa walioshinda, tusisahau. Mambo yangekwenda mrama, ungeitwa usaliti na Mtemvu angekuwa na barabara yake kubwa mjini.

Hayakwenda mrama. TANU, ambayo wakati huo haikumpa kadi mtu asiye Mwafrika, iliwaunga mkono wagombea wa Kizungu na Kiasia walioafikiana nayo, akina Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Upigaji kura ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Sharti lililotungwa ili kuwagawa wananchi likaipa TANU viti vya makundi yote matatu, UTP ikasambaratika, na Desemba 1961 nchi ikawa huru. Lakini kuna jambo moja ambalo husahaulika kila hadithi hii inaposimuliwa: waliopiga kura zile walikuwa wachache, na nyuma yao kulikuwa na umati wa wasioruhusiwa kupiga, uliokuwa umejipanga kwa matawi, ada na mikutano. TANU iliingia uchaguzini ikiwa na nguvu ambayo haikutokana na uchaguzi.

Jirani zetu wa Buganda walikuwa na nguvu ya aina hiyo, nao wakaitumia kinyume. Uganda ilipojiandaa kwa uchaguzi wa Machi 1961, Mmengo, yaani serikali ya ufalme wa Buganda, ilihofia kwamba bunge la nchi nzima litammeza Kabaka, mfalme wake. Lukiiko, baraza la ufalme huo, ilitangaza kwamba Buganda ingejitenga kuanzia tarehe 1 Januari, tangazo ambalo Waingereza walilipuuza, na ikawataka Waganda wasijiandikishe. Wakatii. Waliojiandikisha walikuwa chini ya asilimia 5 ya waliostahili, na kujiandikisha kwenyewe kulihitaji moyo, maana kulihesabiwa kuwa ni kumwasi Kabaka.

Sheria, hata hivyo, haikuuliza wangapi wamebaki nyumbani. Democratic Party ya Benedicto Kiwanuka ilichukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda kwa kura hizo kiduchu. Nchi nzima chama cha Milton Obote, UPC, kilipata kura nyingi kuliko DP, lakini viti vya Buganda vikaipa DP serikali. Mmengo ikajikuta imemkabidhi uongozi Mganda Mkatoliki asiye wa ukoo wa watawala, mtu ambaye ilimtaka kuliko wote asishike nafasi hiyo. Ukisusa, wenzio wala: sijui mfano mwingine unaouthibitisha msemo huu waziwazi namna hii.

Ila hadithi haikukomea hapo. Waingereza hawakuweza kutoa uhuru huku Buganda ikiwa imenuna. Katika mazungumzo ya London ikakubaliwa kwamba wabunge wa Buganda wachaguliwe na Lukiiko, na chama kipya cha Kabaka Yekka kikaungana na Obote. Aprili 1962 Kiwanuka akaanguka. Kususa kuliwapokonya Waganda uchaguzi wa 1961 na kukawapa masharti ya 1962. Miaka minne baadaye Obote huyohuyo akatuma jeshi kwenye jumba la Kabaka, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kenya nitaipita haraka, kwa kuwa wengi bado wanaikumbuka. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti 2017, na tarehe 10 Oktoba mgombea wa upinzani, Raila Odinga, akajitoa kwenye marudio. Mwezi Agosti walikuwa wamejitokeza takriban asilimia 79 ya waliojiandikisha. Tarehe 26 Oktoba hawakufika 40, na katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori upigaji kura haukufanyika. Rais Uhuru Kenyatta alipata asilimia 98 ya kura zilizopigwa, na Novemba mahakama ikayathibitisha matokeo. Katiba ya Kenya inadai nusu ya kura zilizopigwa na moja zaidi. Haisemi ni lazima wapige wangapi. Serbia wakati fulani ilikuwa na sharti la nusu ya waliojiandikisha, na chaguzi zake za urais za 2002 na 2003 zikabatilika mara tatu kwa sababu hiyo tu. Kwetu sharti hilo halipo. Kilichomlazimisha Uhuru kuzungumza na Raila hadi wakapeana mikono Machi 2018 si hesabu ya Oktoba. Ni nchi ambayo nusu yake ilikuwa haitawaliki kwa utulivu.

Zanzibar ndiyo inayonisumbua zaidi. Wazanzibari walipiga kura tarehe 25 Oktoba 2015, na siku tatu baadaye, matokeo yakiwa bado yanatangazwa, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote. Marudio yakapangwa 20 Machi 2016. Chama cha upinzani cha CUF kikasema hakishiriki. Tume ikaliacha jina la mgombea wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, kwenye karatasi ya kura ingawa mwenyewe hakutaka, akahesabiwa asilimia 1.9. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, ambaye 2010 alimshinda Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, safari hii akatangazwa kwa 91.4.

CUF ililipa. Ikapoteza majimbo yote ya Baraza la Wawakilishi, Pemba ikiwemo, na Umakamu wa Kwanza wa Rais uliopatikana kwa maridhiano ya 2010. Marekani kupitia shirika lake la MCC ikasitisha msaada wa mamia ya mamilioni ya dola kwa Tanzania, serikali ikavumilia, na miaka mitano ikapita. Mwaka 2020 Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, aliingia kwenye uchaguzi, akayakataa matokeo, kisha Desemba akakubali kuwa Makamu wa Kwanza. Alifariki Februari 2021. Wapo wafuasi wake waliouliza kwa nini basi wasingeingia 2016.

Mimi siwaungi mkono. Mtu wa Micheweni au Mtambwe aliyebaki nyumbani tarehe 20 Machi alikuwa amekwisha piga kura yake miezi mitano kabla, akaambiwa si kitu. Kumwambia aende tena foleni ili kulinda haki yake ni kumdhihaki. Wa Buganda hali yake ilikuwa nyingine: hakuna aliyekuwa amemwibia kura, ila Mmengo ilimnyima hata nafasi ya kuamua mwenyewe. Na hapo ndipo ninapotofautiana na vyama vinavyosusia. Chama kina haki ya kutosimamisha mgombea, lakini hakina haki ya kumzuia mwananchi anayetaka kwenda kumpigia diwani wake, wala dola haina haki ya kumburuta asiyetaka. Ninayemtaka anieleze zaidi ni kiongozi wa chama: baada ya matokeo kutangazwa, una tawi gani, chama gani cha wafanyakazi, mahakama gani, meza gani ya mazungumzo? Nyerere na Mmengo, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa na jibu. CUF ya 2016 ilikuwa na subira tu, na kabla mwaka haujaisha ikawa inagombana yenyewe kwa yenyewe.