Kianzishi na kichocheo: tofauti ya matumizi katika upolimishaji

kianzishi *nm* [ki-/vi-] dutu inayovunjika na kutoa radikali huru, ambazo huanzisha ujenzi wa minyororo ya polima.

kichocheo *nm* [ki-/vi-] dutu inayoongeza kasi ya mmenyuko bila yenyewe kuisha.

Maneno haya huchanganywa kwa urahisi, kwa kuwa yote mawili hutaja kitu kidogo kinachotiwa ili mmenyuko uende. Hata hivyo, hayabadilishani nafasi.

Maelezo. Peroksidi ya benzoili inapopashwa moto ndani ya methili methakrilati, ambayo ni monoma ya plastiki ang'avu, kila molekuli yake hupasuka vipande viwili. Kipande hujishika kwenye monoma, kikabaki kwenye ncha ya mnyororo. Hakirudi tena, hicho ni kianzishi.

Kinetiki ya mmenyuko huonyesha uzito wa tofauti hiyo. Radikali hukatishana zikikutana mbili mbili. Kwa sababu hiyo, kasi ya upolimishaji huwiana na kipeuo cha pili cha ukolezi wa kianzishi. Ukolezi ukiongezwa mara 4, mambo mengine yakibaki vilevile, kasi huongezeka mara 2 tu, na wastani wa urefu wa mnyororo hupungua hadi takriban nusu. Anayekiita kianzishi "kichocheo" huenda akakiongeza akidhani anaharakisha kazi tu, kumbe anapata polima ya minyororo mifupi, iliyo dhaifu zaidi.

Tena kuna hatari. Mchanganyiko unapokuwa mzito, ncha za minyororo mirefu hukutana kwa shida. Ukatishaji hupungua, kasi hupanda yenyewe, na joto linaweza kushinda uwezo wa chombo kulipoza. Hali hii huitwa athari ya Trommsdorff.

Yanapotumika pamoja. Katika upolimishaji wa radikali kwa uhamisho wa atomu, uliotangazwa mwaka 1995, dutu zote mbili zipo. Kianzishi huanzisha kila mnyororo. Kichocheo cha shaba huulaza na kuuamsha mara kwa mara, ili radikali hai ziwe chache na minyororo ikue kwa urefu unaokaribiana.

Sahihi: Kianzishi kiliisha kabla ya monoma.
Si sahihi: Peroksidi ni kichocheo cha upolimishaji huu.

*Taz. pia:* mmenyuko, monoma, polima, radikali.