Modeli ya ndege: Mambo ya kukagua kabla ya kusema 'imeisha'

Kubandika bawa la mwisho si mwisho wa kazi. Iwe modeli ya vipande vya plastiki au ya maboksi ya dukani, kinachoamua kama itafanana na ndege kweli ni hatua za mwisho: msasa, rangi, stika na ukaguzi.

Kwa aliyepo Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, hatua hizo zinataka subira. Maduka maalumu ya modeli ni nadra nchini, hivyo kipande kikiharibika si rahisi kupata kingine. Ni bora kukagua mapema kuliko kurekebisha.

Anza na vipimo

Chukua mfano wa Boeing 787-8 Dreamliner ya Air Tanzania, yenye usajili 5H-TCG, iliyowasili nchini Julai 2018. Ndege hiyo ina urefu wa mita 56.7, na kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine ni mita 60.1.

Kwa skeli ya 1:144, inayotumika sana kwa ndege za abiria, modeli itakuwa na urefu wa sentimita 39.4 na upana wa sentimita 41.7. Anayetumia maboksi anaweza kurahisisha kwa skeli ya 1:100: kila mita ya ndege ni sentimita moja kwenye rula.

Uzito kwenye pua

Hapa wengi huteleza. Modeli yenye tairi la mbele inaweza kukalia mkia kama pua ni nyepesi. Weka nati au vipande vya chuma ndani ya pua kabla ya kufunga kiwiliwili. Ukishaziba, basi tena.

Viungo kwanza, rangi baadaye

Kwa plastiki, jaza nyufa kwa puti, acha ikauke, kisha sugua kwa msasa wa maji: anza namba 400, nenda 600, malizia 1000. Piga praima ya kijivu na ukague tena. Rangi haifichi ufa, inautangaza.

Kiangazi, upepo na vumbi ndio maadui. Pulizia nje asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia, ukiwa umevaa barakoa, kisha funika modeli kwa boksi kubwa hadi ikauke. Tabaka nyembamba tatu ni bora kuliko moja nene, ambayo huchuruzika.

Stika za kulowekwa kwenye maji zisibandikwe juu ya rangi isiyong'aa. Hewa hunaswa chini yake na kuacha weupeweupe. Piga kwanza vanishi ya kung'aa, bandika, kisha funika kwa vanishi ya mwisho.

Jinsi ya kuihukumu

Mashindano ya modeli yana historia ndefu. Chama cha International Plastic Modellers' Society kilianzishwa Uingereza mwaka 1963. Kwa kawaida waamuzi huanza na msingi wa kazi kabla ya mapambo. Hata nyumbani unaweza kufuata mpangilio huu:

1. Ulinganifu: Weka modeli mezani, pima kutoka meza hadi ncha ya kila bawa. Namba zilingane. Mkia usimame wima.
2. Viungo: Mulika tochi kwa ubavu. Kivuli kitaonyesha ufa, gundi iliyomwagika au mkwaruzo.
3. Rangi: Tafuta vumbi, michirizi, alama za vidole na mipaka ya rangi iliyopinda.
4. Stika: Ziwe zimenyooka, bila mapovu, pande zote mbili zikiwa sawa.
5. Ukweli: Linganisha na picha za ndege yenyewe, kutoka pembe zaidi ya moja.

Simu nayo ni mwamuzi mzuri. Washa mistari ya gridi kwenye kamera, piga picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, kisha vuta karibu. Kasoro ambayo jicho limeizoea itaonekana fasta.

Modeli yenye twiga wa Air Tanzania aliyechorwa vizuri mkiani, lakini bawa moja limeinama, itashindwa na ndege nyeupe tupu iliyokaa sawa. Ukikuta kasoro, iandike pamoja na hatua ilipotokea. Orodha hiyo ndiyo mwongozo wa modeli inayofuata.