Nauli Nafuu, Bili Nene: Ukarimu wa Meli za Starehe Ulikotoka

Mwaka 2017 kampuni ya Royal Caribbean ilianza kuwatoza abiria wake dola 7.95 kwa kila oda ya chakula kinachopelekwa chumbani, ukiacha kifungua kinywa chepesi cha asubuhi. Juu ya hapo iliweka asilimia 18 ya bakshishi. Mwaka 2022 Carnival ikaamua kwamba abiria atakayeagiza mlo mkuu wa tatu katika ukumbi wa chakula alipe dola 5. Mwanzoni mwa 2023 Norwegian nayo ikatangaza kwamba vyumba vingi vitafanyiwa usafi mara moja kwa siku, si asubuhi na jioni kama ilivyozoeleka.

Kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga meli hizi, haya ni malalamiko ya walioshiba. Kwa kiasi ndivyo yalivyo. Anayenung'unika kwa sababu sahani ya tatu ya nyama inalipiwa hana shida ya njaa. Lakini wastaafu wa Florida na Liverpool waliosafiri kwa miaka thelathini wana hoja yao: walizoea kulipa nauli mara moja, kisha pochi inafungwa hadi siku ya kushuka. Wanakumbuka bafe ya usiku wa manane yenye sanamu za barafu, chokoleti juu ya mto, usiku wa kamba-mti. Wanauliza vilikwenda wapi.

Swali la kuanzia, nadhani, ni vilitoka wapi. Ukifuatilia historia ya biashara hii utakuta kwamba ukarimu wake tangu mwanzo ulikuwa mtoto wa kitanda kitupu. Meli ikiondoka gatini na vyumba wazi, hasara yake hairudishiki. Makaa au mafuta yatachomwa vilevile na mabaharia watalipwa vilevile.

Mwaka 1844 kampuni ya P&O ya Uingereza ilikuwa ikiendesha meli za mvuke katika Bahari ya Mediterania, nyingi zikibeba barua za serikali kwa mkataba. Ikataka pia watu wa kutembea tu. Ikampa mwandishi William Makepeace Thackeray safari ya bure. Akapita Lisbon, Gibraltar, Athens, Istanbul na Jerusalem hadi Cairo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1846. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 1867, meli ya Quaker City ilitoka New York ikiwa na Wamarekani waliolipa dola 1,250 kila mmoja kuzuru Ulaya na Nchi Takatifu. Miongoni mwao alikuwa Mark Twain, ambaye nauli yake ililipwa na gazeti la Alta California la San Francisco. Inachekesha kidogo kwamba waandishi wawili waliowafundisha wasomaji wa Kiingereza kutamani safari za namna hii hawakutoa nauli mfukoni mwao.

Aliyelielewa tatizo la kitanda kitupu kuliko wote alikuwa Albert Ballin wa kampuni ya HAPAG ya Hamburg. Meli zake ziliishi kwa kuvusha watu kwenda New York, wengi wao wahamiaji. Wakati wa baridi Atlantiki ya Kaskazini huchafuka na abiria hupungua. Ballin akaona heri meli ikatembeze matajiri kwenye jua kuliko kukaa bandarini ikila fedha. Januari 1891 Augusta Victoria ikaelekea Mediterania na wageni 241, kwa safari ya karibu miezi miwili. Wenzake walimwona kama amerukwa na akili, hadi mahesabu yalipotoka. Mwaka 1900 HAPAG ilizindua Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa mahsusi kwa ajili ya starehe; ikagonga mwamba Jamaika Desemba 1906.

Hata hivyo, kwa nusu karne iliyofuata starehe ilibaki kazi ya pembeni. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafikisha watu waendako. Kisha mwezi Oktoba 1958, Waingereza wakiwa na ndege ya Comet na Wamarekani wakiwa na Boeing 707, safari za ndege za jeti zikaanza kuvuka Atlantiki kwa saa badala ya siku. Katika muda wa miaka kumi hivi, meli kubwa za abiria zikageuka mzigo kwa wenyewe.

Hapa pwani ya Afrika Mashariki kifo hicho kilionekana kwa macho. Union-Castle ilikuwa na Kenya Castle, iliyojengwa Belfast na kuanza kazi mwaka 1952 katika njia ya kuizunguka Afrika, ikibeba abiria mia tano na kitu bila kuwagawa kwa madaraja. British India ilikuwa na Uganda, ya mwaka huohuo wa 1952, iliyokuwa ikitoka London kupitia Suez hadi Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kuendelea kusini. Maofisa wa kikoloni, wamisionari na wafanyabiashara walikwenda nazo likizo na kurudi nazo. Uhuru ulipokuja, maofisa walipungua. Ndege ziliwachukua waliobaki. Mwaka 1967 Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita.

Uganda ilifanyiwa ukarabati na kuanzia 1968 ikawa meli ya safari za wanafunzi, yenye mabweni ya vijana zaidi ya 900. Mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falklands. Safari ya Kenya Castle inahusu zaidi habari yetu. Mwaka 1967 ilinunuliwa na ukoo wa Chandris wa Ugiriki, ikabatizwa Amerikanis, ikaenda kuwatembeza Wamarekani katika Karibiani. Chandris hao ndio waliokuja kuanzisha Celebrity Cruises mwishoni mwa miaka ya 1980. Alama ya X mnayoiona kwenye dohani za Celebrity ni herufi ya kwanza ya jina lao kwa Kigiriki, na imebaki pale hata baada ya Royal Caribbean kuinunua kampuni hiyo mwaka 1997. Kwa hiyo katika ukoo wa meli zinazolalamikiwa leo, bibi mmoja alikuwa akitia nanga Kilindini.

Miami ndiko meli hizi zilikopata maisha ya pili. Mwaka 1966 Knut Kloster, Mnorwei mwenye meli isiyo na kazi, alikutana na Ted Arison, Mwisraeli mwenye wateja wasio na meli. Meli ikiitwa Sunward, biashara ikashika. Wawili hao waligombana vibaya na kufikishana mahakamani. Arison akatafuta meli yake: Empress of Canada, mkongwe wa Atlantiki wa tani 27,000 hivi, akaipa jina Mardi Gras.

Machi 1972, katika safari yake ya kwanza kutoka Miami, Mardi Gras ilikwama kwenye mchanga mdomoni mwa bandari. Walioko ufukweni walipiga picha. Miaka ya mwanzo kampuni ya Carnival ilikuwa hoi. Mwaka 1974 Arison alinunua hisa za wabia wake kwa dola 1, pamoja na kubeba madeni ya takriban dola milioni 5. Husimuliwa kwamba pesa za mafuta zilipokosekana, zilikusanywa kutoka kwenye droo za baa za melini. Sijui kama kuna kisa kinachoieleza biashara hii vizuri zaidi. Nauli ilikuwa imempandisha mteja. Pombe ndiyo iliyoendesha injini.

Carnival ikafanya udhaifu kuwa mvuto. Meli ilikula mafuta mengi, basi ikapunguzwa mwendo na kutembelea bandari chache. Siku za kukaa baharini zikaongezeka, na abiria aliye baharini hana duka jingine wala kasino nyingine. Wakaiita meli ya kujifurahisha, wakaipigia debe kwa watu wa kipato cha kati ambao hawakuwahi kuwaza kusafiri kwa meli. Mwaka 1977 tamthilia ya The Love Boat ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani ikipigwa picha kwa sehemu ndani ya Pacific Princess, na kwa miaka tisa ikatangaza biashara hii kila wiki bila kampuni kulipia tangazo.

Hiyo ndiyo enzi wanayoililia wazee. Iliwezekana kwa sababu kampuni zilikuwa zikimbembeleza mtu mgeni kabisa na jambo hili, aliyeogopa kutapika, aliyeogopa kuchoka, aliyeogopa matajiri wenye suti. Chakula kisicho na kikomo kilikuwa jibu la hofu hiyo. Sanamu za barafu, mhudumu anayekuita kwa jina, taulo iliyokunjwa umbo la tembo kitandani, vyote vilitoka kwenye fungu la kutafuta wateja.

Na hata wakati huo bili ilikuwa imeshaanza kunenepa kwa mlango wa nyuma. Matangazo ya miaka ya 1990 yalitaja nauli ndogo, kisha mteja akaongezewa gharama za bandari, ambazo sehemu yake haikufika bandarini bali ilibaki kwa kampuni. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Florida aliingilia kati, na mwaka 1997 kampuni kubwa zilikubali kwamba bei inayotangazwa ijumuishe kila kitu isipokuwa kodi na tozo halisi za serikali. Miaka kumi baadaye mafuta yalipanda bei. Carnival na wenzake wakaweka nyongeza ya mafuta, wakiwatoza hata watu waliokwisha kukata tiketi. Florida ikaingilia tena, na mwaka 2008 mamilioni ya dola yakarudishwa kwa abiria. Julai 2024, baada ya California kutunga sheria ya bei ya wazi, kampuni kubwa zilianza kuonyesha bei kamili kwa Wamarekani wote. Hayo ni mapambano matatu juu ya jambo lilelile, na kila mara serikali ya jimbo ndiyo iliyolazimisha ukweli.

Hapo nawaunga mkono abiria bila kusita. Kupandisha bei ni haki ya mwenye mali. Kutangaza bei ambayo hakuna mtu atakayeilipa ni jambo jingine.

Bakshishi nayo ina historia yake. Zamani, usiku wa mwisho, abiria alipewa bahasha ndogo: moja ya mtunza chumba, moja ya mhudumu wa mezani, moja ya msaidizi wake. Wengine walitoa vizuri, wengine walikwepa chakula cha jioni siku hiyo ili wasionane na mtu. Leo tozo inakatwa kila siku kwenye akaunti. Royal Caribbean ilifikisha dola 18.50 kwa mtu kwa vyumba vya kawaida mwishoni mwa 2024. Kwa kiwango hicho familia ya watu wanne kwa usiku saba ililipa dola 518, na mtoto wa miaka mitatu akihesabiwa sawa na baba yake. Wanaohudumu wengi ni Wafilipino, Waindonesia na Wahindi, wenye mikataba ya miezi mingi mfululizo. Mshahara wao umejengwa juu ya tozo hiyo. Abiria anayeifuta kwa hasira anamkosea mtu asiyehusika, na kampuni inalijua hilo.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa yanafanana. Kuanzia 2000 Norwegian ilivunja utaratibu wa meza na saa maalumu, ikaongeza migahawa ya kulipia. Vinywaji na intaneti vikauzwa kwa vifurushi, na yeyote aliyewahi kununua kifurushi cha simu Dar es Salaam anaujua mchezo huo bila kufundishwa. Madaraja yaliyokuwa yamefutwa yakarudi: sitaha zenye bwawa, mgahawa na mlango wa kadi kwa ajili ya wenye vyumba vya bei kubwa. Hata ufuko ulikuwa umekwisha kununuliwa. Norwegian ilijipatia Great Stirrup Cay huko Bahamas mwaka 1977, na wengine wakafuata, ili shilingi ya abiria isipotee kwenye vibanda vya wenyeji.

Kisha ikaja UVIKO. Februari 2020 Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, watu zaidi ya 700 wakaambukizwa. Meli zilisimama kwa zaidi ya mwaka katika bandari za Marekani. Deni la Carnival lilipanda hadi zaidi ya dola bilioni 35 mwanzoni mwa 2023. Wengi walizielewa tozo mpya kwa sababu hiyo. Kampuni ilikuwa inafukuzwa na benki. Lakini mwaka 2024 Royal Caribbean ilipata faida ya dola bilioni 2.9 na Carnival bilioni 1.9, na tozo hazikurudi chini. Karibu theluthi moja ya mapato yao sasa hutoka kwenye matumizi ya ndani ya meli, si kwenye nauli.

Mwaka 2025 Carnival ilitangaza kwamba kuanzia katikati ya 2026 hadhi ya wateja wake wa kudumu itapimwa kwa fedha wanazotumia badala ya usiku waliolala baharini. Waliozoea kununua chumba cha ndani cha bei ya chini, kunywa maji na kukusanya siku, walikasirika kuliko walivyokasirikia chakula cha chumbani. Walijiona wazee wa nyumba, wameonyeshwa hesabu.

Wanaweza kutishia kuhama, lakini kitanda kitupu kilichowaletea karamu hakipo tena. Mwaka 2024 watu milioni 34.6 walisafiri kwa meli hizi duniani, zaidi ya kabla ya UVIKO. Icon of the Seas, yenye tani 248,663 na uwezo wa kubeba abiria 7,600, ni kubwa mara tisa ya Mardi Gras. Sekta hii huhesabu watu wawili kwa chumba, na kwa kipimo hicho Royal Caribbean ilijaza meli zake kwa zaidi ya asilimia 108. Melini kuna dawati la kuuza safari ijayo, lenye punguzo dogo kwa atakayeweka amana kabla ya kushuka. Hapo, kati ya wanaosubiri zamu, utawakuta baadhi ya hao wanaolalamika.