Silaha Duni, Moyo Imara

Historia ya vita huandikwa zaidi kwa kuwatazama walioshinda. Juma hili tunawaalika tuwatazame walioshindwa: marubani wa Poland waliopaa asubuhi ya tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia nchi yao na Vita Kuu ya Pili ikaanza.

Ndege yao kuu ya kivita, PZL P.11, ilipoanza kutumika mwaka 1934 ilihesabiwa miongoni mwa zilizo bora duniani. Miaka mitano baadaye ilikuwa imepitwa na wakati. Rubani aliketi mahali pasipo kifuniko, magurudumu hayakukunjwa, na mwendo wake haukufika kilomita 400 kwa saa. Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani ilizidi 500. La kusikitisha ni kwamba kiwanda hicho hicho kilitengeneza aina bora zaidi, P.24, lakini hiyo ikauzwa nchi za nje, Ugiriki ikiwa miongoni mwa wanunuzi.

Asubuhi hiyo, karibu na Kraków, Kapteni Mieczysław Medwecki aliruka pamoja na Władysław Gnyś. Kabla hawajapata kimo cha kutosha, Mjerumani Frank Neubert, aliyerusha ndege ya mabomu aina ya Junkers Ju 87, alimtungua Medwecki, naye akafa. Gnyś alinusurika, akaendelea kupaa, na muda mfupi baadaye akazishambulia Dornier Do 17 mbili, ambazo zilianguka katika kijiji cha Żurada.

Mara nyingi husemwa kwamba jeshi la anga la Poland liliteketezwa likiwa chini siku ya kwanza. Si kweli, kwani vikosi vya mapigano vilikuwa vimekwisha kuhamishiwa viwanja vingine, navyo viliendelea kupigana. Baada ya Urusi ya Kisovieti nayo kuivamia Poland tarehe 17 Septemba, marubani wengi walivuka hadi Rumania, na hatimaye wakafika Uingereza. Huko, mwaka 1940, walipopewa ndege za Hurricane, kikosi chao namba 303 kilikuwa miongoni mwa vikosi vilivyotungua ndege nyingi zaidi. Ikadhihirika kwamba mwaka 1939 kilichopungua kilikuwa chombo, wala si mtu.

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Marubani hawa hawakuchagua jembe. Hata hivyo, methali hiyo isiwe kichaka cha wenye mamlaka. Anayemtuma mwenzake kwenye kazi ya hatari anawiwa naye zana za kuifanyia, na deni hilo halilipwi kwa kumsifu kaburini. Nasi tusimhukumu aliyeshindwa kabla ya kutazama alichokuwa nacho mkononi.

Mwaka 1989, miaka 50 baadaye, Gnyś na Neubert walikutana, wakapeana mikono ya upatanisho. Kwa kazi hiyo hapakuwa na aliyemzidi mwenzake kwa silaha. Tuwakumbuke katika sala zetu waliokufa vitani, wa pande zote mbili.