Theluthi ya Marehemu: Watumwa katika Karatasi za Mabwana Zao

Mkulima wa Bariadi anayepeleka pamba yake kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, analijua vizuri daftari la mizani: jina lake, kilo zake, na fedha anazodai. Jina lake limo kwa kuwa yeye ndiye mwenye mali. Katika karatasi za matajiri wa karafuu na pembe wa karne ya 19 wamo watu walioandikwa kwa kuwa wao wenyewe ndio mali. Habari hii inazifuata karatasi hizo kutoka Unguja hadi Usukuma. Ukizipanga kwa miaka utaona jambo moja: bwana hakumtaja mtumwa ila pale fedha ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Tuanze na mkubwa wao. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, akahimiza kilimo cha karafuu, naye mwenyewe akawa mwenye mashamba kuliko wote. Binti yake Salme aliandika kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45. Katika wasia wake wa 1850 Sayyid aliagiza kuwa akifa, watumwa wake waachwe huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isipokuwa wale waliokuwa mashambani. Alifariki Oktoba 19, 1856, akiwa safarini baharini.

Sharti hilo moja linaeleza uchumi mzima wa Unguja. Kumwacha huru mpishi au mlinda mlango ilikuwa sadaka. Kumwacha huru mchumaji wa karafuu ilikuwa kulibomoa shamba, maana karafuu huchumwa kwa mkono kabla ua halijachanua, na shamba lisilo na wachumaji ni kichaka. Jambo la pili ni kwamba watoto 36 aliowaacha Sayyid wote walizaliwa na masuria. Warithi waliogawana mashamba na watumwa walikuwa watoto wa wanawake watumwa. Sheria ilimhesabu mtoto wa suria kuwa mtoto halali wa baba yake, na mama yake akawa huru bwana alipokufa. Mwanamke wa shambani hakuwa na mlango huo.

Matajiri wadogo nao waliandika wasia, na hapo ndipo hesabu inapoonekana kwa karibu. Sheria ya Kiislamu humruhusu mtu kuusia theluthi tu ya mali yake. Iliyobaki ni haki ya warithi. Tuseme tajiri ameacha mali ya riali 9,000, na ndani yake wamo watumwa 100 waliokadiriwa riali 40 kila mmoja, naye ameusia wote wawe huru. Thamani yao ni riali 4,000, na theluthi ni riali 3,000. Watumwa 75 wanaenea ndani ya theluthi. Uhuru wa wale 25 unangoja ridhaa ya warithi, nao wakikataa, wanazuoni wa Kishafii husema ipigwe kura. Kama tajiri ana madeni, hayo hulipwa kwanza, na theluthi hupungua kabla hata ya mtumwa mmoja kutajwa. Ndiyo maana deni la bwana lilikuwa habari ya kila mtu shambani.

Na madeni yalikuwa mengi. Mwenye shamba alikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mara nyingi kwa bei ya khiari: kwenye karatasi anauza shamba, akiwa na haki ya kulikomboa akirudisha fedha, na huku anabaki humo humo akilipa kodi. Mwaka 1860 Balozi wa Uingereza, Rigby, aliamua kuwa Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza hawana ruhusa ya kumiliki watumwa, akawaachisha maelfu. Kwa kazi hiyo kiliandikwa kitu adimu: orodha yenye jina la mtumwa, kabila lake na jina la aliyemmiliki. Tangu hapo mkopeshaji wa Kihindi hakuweza kuandika watu kuwa rehani bila kujitia hatiani. Hati zikataja mikarafuu, minazi na mipaka ya kibla na bahari, lakini si mikono iliyolifanya shamba likopeshewe fedha.

Kutoka kwa wakopeshaji hao mtaji ulipanda bara. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, ndiye aliyemkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Bidhaa kubwa ilikuwa merikani, kitambaa cheupe kilichofumwa Massachusetts. Hadi vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipozuka 1861, pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Jasho la mtumwa wa huko lilivuka bahari mbili likawa nguo ya kununulia pembe, na watu pia, katika nchi za Unyamwezi na Usukuma.

Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni maandishi ya mfanyabiashara. Pembe alizozipata kwa mtawala Samu wa Itabwa anazitaja kwa frasila, 1,950. Watu wa kuzibeba wanapita kwa makundi. Uzeeni alirudi Unguja, na ilisemekana ana mashamba saba na watumwa 10,000. Alifariki Juni 1905.

Usukuma unaingia katika habari hii kwa njia ya ziwa. Februari 1875 msafiri Stanley aliufuata Mto Simiyu, akafika Kagehyi kwenye Ghuba ya Speke. Hapo alimkuta Sungoro, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, akiunda jahazi la kuvukia Ziwa Nyanza. Desemba 1877 Sungoro aliuawa Ukerewe na watu wa Mtemi Lukonge, pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza. Wengi waliotoka nchi hii walikwenda pwani kama wapagazi wa ujira, wengine wakiwa wamefungwa. Huku nyumbani banamhala, yaani wazee, walihifadhi nasaba na mambo ya utemi kwa kauli, si kwa hati.

Halafu zikaja amri za kukomesha, na karatasi zikaongezeka. Juni 5, 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Agosti 1, 1890 Sultani Sayyid Ali bin Said alikataza watumwa kuuzwa, akaagiza warithiwe na watoto halali wa marehemu tu. Asipoacha mtoto, watumwa wake wawe huru. Aprili 6, 1897, chini ya Sayyid Hamoud, mahakama ziliacha kuutambua utumwa, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru na kuonyesha mahali pa kuishi na njia ya kujikimu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909.

Serikali ililipa fidia, na aliyelipwa ni bwana. Aliyelima na kuchuma miaka yote alitoka na cheti. Wengi walibaki kwenye ardhi ile ile, wakipalilia mikarafuu ili waruhusiwe kulima muhogo wao. Bara Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu, nyingi kwa kukombolewa kwa fedha, na wakaagiza kuwa atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 awe huru. Sheria ya kuufuta kabisa utumwa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922.

Mtu wa Simiyu anayetafuta ndugu wa ukoo aliyepotelea njia ya pwani asitegemee kumkuta kwa jina la nyumbani. Huko alipewa jina jipya, Mabruki au Feruzi, bila jina la baba. Asitegemee pia kuona neno Msukuma. Pwani watu wa nchi hizi walijumlishwa kuwa Wanyamwezi. Katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, aanze na jina la tajiri, kisha deni, kisha mirathi, maana karatasi zilipangwa kwa haja ya aliyedai mali. Na kila anaposoma kuwa mtumwa fulani "ameachwa huru", aulize mara moja nani alilipwa siku hiyo. Mara nyingi jibu limo mstari ule ule.