Mzimu Nyuma ya Kitanda: Mchoro wa Gauguin kama Ushahidi wa Historia

Mwaka 1892, katika kijiji cha Mataiea kisiwani Tahiti, mchoraji Mfaransa Paul Gauguin alichora picha aliyoiita Manao tupapau. Msichana amelala uchi, kifudifudi, macho wazi kwa hofu. Nyuma ya kitanda, karibu na nguzo, yupo mtu aliyevaa vazi jeusi: ndiye tupapau, mzimu wa mfu. Gauguin alieleza kwamba jina hilo lina maana mbili: msichana anauwaza mzimu, au mzimu unamwaza msichana.

Wataalamu wa sanaa wameisifu sana picha hiyo, ambayo leo imehifadhiwa Buffalo, Marekani. Lakini msomaji wa historia ya Kanisa hana budi kuuliza: je, inawashuhudia Watahiti, au inamshuhudia mchoraji?

Gauguin alifika Tahiti mwezi Juni 1891, akitafuta watu ambao, kwa mawazo yake, hawakuwa wameguswa na ustaarabu wa Ulaya. Watu hao hakuwakuta. Wamisionari Waprotestanti kutoka London walikuwa wamewasili kwa meli iitwayo Duff mwaka 1797. Mfalme Pomare II alibatizwa mwaka 1819. Biblia nzima katika lugha ya Kitahiti ilipatikana mwaka 1838. Na Ufaransa ilikitwaa kisiwa kuwa koloni mwaka 1880. Habari za miungu ya kale Gauguin alizipata kwa sehemu kubwa katika kitabu cha J. A. Moerenhout kilichochapishwa mwaka 1837. Hivyo mgeni huyu alijifunza dini ya wenyeji kwa kusoma maandiko ya mgeni mwenzake.

Hata hivyo, tupapau hakutoka kitabuni tu. Baada ya miongo mingi ya mahubiri, Watahiti waliacha taa ikiwaka usiku kwa kuwaogopa wafu. Ubatizo na hofu ya giza vilikaa katika nyumba moja. Katika jambo hili picha yatufaa: yatukumbusha kwamba kubadili ibada ya hadhara ni kazi ya miaka michache, bali kuifikia hofu ya moyoni ni kazi ya vizazi.

Lakini hofu ile ilikuwa ya nani? Kwa maelezo ya Gauguin, alirudi kutoka Papeete usiku wa manane, taa imezimika, akamkuta msichana katika hali hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Gauguin, mwenye miaka 44, alikuwa akiishi naye kama mke, huku mkewe wa ndoa, Mette, akiwa Denmark na watoto. Alipomwandikia Mette kuhusu picha hiyo alizungumzia imani ya Watahiti, akanyamaza juu ya maisha hayo. Katika kitabu chake Noa Noa, lakini, alikiri kwamba labda msichana alimdhania yeye mwenyewe kuwa tupapau.

Ungamo hilo lina uzito kuliko sifa zote za picha. Msichana mwenyewe hakutuachia hata neno moja. Basi tunapotumia ushahidi wa mgeni, uwe wa mchoraji au wa mmisionari, imetupasa kwanza kumtafuta yule aliyenyamazishwa ndani yake, tusije tukauita mzimu wa mila kile kilichokuwa hofu ya mtoto mbele ya mtu mzima.