Kabungut: Historia ya Nyuma ya Nyumba

Mwaka 2012 mahindi yetu yalikufa yakiwa yamesimama. Nilikuwa darasa la saba, hapa Ndanai, na bado naiona ile rangi. Majani yalianza kuwa manjano pembeni, yakakauka kuelekea katikati, na ukimenya hindi unapata punje mbili tatu tu. Mtu akipita barabarani angedhani shamba liko tayari kuvunwa. Babu alilizunguka mara moja, akarudi, akaketi kwenye stuli yake bila kusema neno mpaka jioni.

Gogo hakuketi. Alichukua kikapu akaenda nyuma ya nyumba.

Huko nyuma ya nyumba ndiko historia hii iliko. Kwa Kikipsigis tunapaita kabungut. Kama ocha yenu ni pande hizi, unapajua. Kama sivyo, fikiria kipande cha ardhi kama ukubwa wa darasa moja la shule, kati ya jikoni na zizi la ng'ombe. Cha Gogo kilikuwa na managu, saga, kunde, malenge yanayotambaa popote yanapotaka, nderema kwenye ua, viazi vitamu, na migomba pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Ukikitazama haraka utasema ni kichaka.

Ukisoma vitabu kuhusu Wakipsigis, kabungut haichukui nafasi kubwa. J. G. Peristiany alichapisha kitabu chake maarufu kutuhusu mwaka 1939, na wanaokitaja hukitaja kwa marika, jando, sheria na vita. Waliokuja baadaye wakaandika kuhusu ardhi, chai na siasa. Ni sawa, hayo yote yalitokea. Lakini mambo hayo yalifanywa na watu waliokula jioni, na mtu aliwapikia.

Zamani boma lilikuwa na shamba la aina mbili. Kulikuwa na shamba kubwa la wimbi, na kulikuwa na kabungut. Ile ya pili ilikuwa ya mwanamke. Apande nini, achume lini, ampe nani, aliamua yeye. Mume mwenye busara hakuingiza mkono huko, kama vile mke hakuuza ng'ombe bila kusema.

Halafu dunia ikageuka. Mwaka 1905 Waingereza walituma jeshi kuwashambulia Wakipsigis wa Sotik, watu wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Baadaye walowezi wakapewa ardhi. Miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaanzisha mashamba makubwa ya chai Kericho. Vibarua wa chai walihitaji posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Watu wetu wakaona soko. Wakanunua plau za kukokotwa na ng'ombe, wakapanda mahindi pale palipokuwa malisho ya wote, na wakaanza kuzungushia ua kila mtu chake.

Plau ilishikwa na wanaume, kwa hivyo pesa ya mahindi iliingia mifuko ya wanaume. Wimbi likapungua, na kimyet, ugali wetu, ukageuka kutoka rangi ya udongo ukawa mweupe. Baada ya uhuru, kupitia KTDA iliyoanzishwa 1964, chai nayo ikaingia kwenye mashamba ya watu wa kawaida pande za juu. Kila zao jipya lilikuja na afisa wake, mbolea yake na risiti yake.

Kabungut haikuwa na afisa. Ilikuwa ndogo mno kuhesabiwa, na nadhani ndiyo sababu ilipona.

Ilichopoteza ni heshima. Shuleni tulifunzwa kupanda kabichi na sukuma kwa mistari iliyonyooka. Managu yalikuwa chakula cha watu wasio na kitu, na mtoto aliyekuja na saga kwenye kontena ya lunch alichekwa. Siyo sisi peke yetu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT amesimulia kwamba alipokuwa akisomea kilimo, mboga alizokua akizila nyumbani ziliitwa magugu. Alitumia maisha yake kuzitafiti, na mwaka 2014 akapewa Nishani ya Edinburgh kule Uskoti. Gogo hakuwahi kusikia habari zake, lakini wangeelewana kabla chai haijapoa.

Sasa turudi kwa yale mahindi. Ugonjwa ule, ambao kwa Kiingereza watu huuita MLN, uliripotiwa mara ya kwanza Kenya mnamo Septemba 2011, huko Longisa, Bomet hii hii yetu. Ni virusi viwili vikikutana ndani ya mmea mmoja. Wadudu wadogo huvibeba, mbegu pia inaweza kuvibeba, na shamba linalopandwa mahindi msimu baada ya msimu huvitunza. Sisi wakati huo hatukujua. Wengine walilaumu mbolea, wengine walilaumu jirani. Maafisa walipokuja, ushauri wao ulikuwa tuache mahindi kwa muda na tupande vitu vingine.

Vitu vingine. Babu alicheka, kicheko kisicho na furaha, akaonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba.

Tulikula kutoka huko miezi kadhaa. Saga ililazwa kwenye maziwa usiku mzima ili uchungu upungue. Viazi vitamu vilishika nafasi ya ugali asubuhi, na wakati mwingine jioni pia. Mursik ulikuwepo kwa sababu ng'ombe walikuwepo. Hatukushiba kila siku, nisikudanganye. Lakini hakuna aliyelala na maji ya moto peke yake.

Ndipo nilipoanza kuangalia vile Gogo anafanya kazi. Kile nilichodhani ni kichaka kilikuwa na mpango. Managu alipanda pale zizi lilipokuwa zamani, kwa sababu hupenda samadi iliyooza vizuri. Saga aliikata maua kila yalipochomoza, ili mmea uendelee kutoa majani badala ya kukimbilia mbegu. Lakini mimea mitatu minne iliyo bora hakuigusa kabisa. Hiyo ilikuwa ya mwaka kesho. Maganda yakikauka alipura, akachanganya mbegu na jivu, akafunga kwenye kitambaa na kukitundika juu ya jiko, moshi ufukuze wadudu.

Siku moja nilichukua mbegu mbichi za saga nikapanda mwenyewe. Hazikuota. Gogo alisema, "Mbegu hiyo bado imelala. Iache miezi mitatu, iamke yenyewe." Nilidhani ni hekaya ya wazee. Chuoni nikasoma kwamba ni kweli, mbegu ya saga iliyotoka kuvunwa huwa imelala, na hugoma kuota hadi ihifadhiwe kwa miezi kadhaa.

Siku hizi wengi wetu mjini tunaongea kuhusu kujitosheleza: bustani kwenye balkoni, magunia ya sukuma. Mwaka 2020, Korona ikiwa imetufungia, Wizara ya Kilimo ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Nafurahia hayo yote. Ila kabungut ilinifunza kwamba hakuna boma lililowahi kujitosheleza peke yake. Chumvi ilitoka dukani. Kiangazi cha Januari kilipokausha kunde zetu, Gogo alivuka ua akaomba kwa jirani wa karibu na mto. Yule jirani naye alipopoteza mbegu, alikuja kwetu na kibuyu mkononi.

Huko kuombana ndiko sheria ilikogusa. Marekebisho ya sheria ya mbegu ya 2012, mwaka ule ule wa mahindi yetu, yaliweka adhabu kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Wakulima walienda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vipengele hivyo vinakiuka Katiba. Gogo hakuishi kusikia uamuzi huo. Kwa miaka kadhaa, kitambaa kilichotundikwa juu ya jiko lake kingeweza kumpeleka mtu mahakamani, na yeye hakujua.

Desemba iliyopita familia ilikutana kugawa ardhi. Wajomba walikuwa na karatasi ya mpimaji. Shamba la mahindi liligawanywa vizuri, kila mtu na kipande chake. Mahindi yalisharudi, mahali pengine na maharagwe katikati, tumejifunza kidogo. Halafu mjomba mmoja akasema nyuma ya nyumba hakuna kitu, ni kichaka tu, apande blugamu auze nguzo. Wanaume wakaitikia kwa vichwa.

Mamangu, ambaye alikuwa jikoni, alitoka akifuta mikono. Akasema, "Mwaka ule mahindi yalikufa, mlikula nini?"

Hakuna aliyejibu. Mpimaji aliangalia karatasi yake. Mwishowe mjomba mkubwa akachukua kalamu, akachora mstari kuzunguka kabungut na kuandika jina la mama ndani yake. Siwezi kukuambia kwamba blugamu haitarudi kwenye mazungumzo. Itarudi. Lakini kwa mara ya kwanza naijua kabungut ikiwa kwenye ramani, na jina la mwanamke juu yake.

Nilirudi Nairobi na mbegu za saga kwenye chupa ya dawa iliyojaa jivu. Zilivunwa mwezi huo huo wa Desemba. Magunia yangu mawili yako tayari pale kwenye balkoni, yana samadi na udongo, na jirani wa ghorofa ya tatu ameshaniuliza mara mbili nangoja nini.

Nimemwambia bado zimelala.